Kabla Hujanunua Difu Nyingine

Gari likianza kuvuma nyuma, mafundi wengi huilaumu upesi difu, yaani sanduku la gia katikati ya ekseli ya nyuma linalogawa nguvu kwa magurudumu: "Difu imekufa." Mwenye Hiace au Hilux anatafuta difu ya mtumba, inafungwa, na mvumo unabaki palepale kwa sababu kilichochoka kilikuwa beringi ya gurudumu. Hasara hiyo inaniuma, maana kipimo cha kutenganisha viwili hivi hakihitaji hata spana.

Tafuta lami iliyonyooka, isiyo na magari, zima redio, nenda kilomita 60 hadi 80 kwa saa. Kanyaga mafuta kidogo, kisha achia bila kutoa gia. Mvumo ukibadilika, shuku krauni na pinieni (gia mbili kuu ndani ya difu), au beringi za pinieni. Meno hugusana upande mmoja gari linapovuta na upande wa pili linaposhikwa na injini, ndiyo maana difu inaweza kulia ukikanyaga na kunyamaza ukiachia. Mvumo usiojali mguu wako, unaofuata mwendo tu, mara nyingi ni wa magurudumu. Hapo yumbisha usukani taratibu: ukikata kushoto uzito unahamia kulia, na beringi ya kulia ikiwa mbovu italia zaidi. Tairi lililolika vibaya nalo huvuma, ila sauti yake hubadilika ukitoka lami laini kuingia lami ya kokoto.

Kishindo cha "ko!" unapotia gia au unapong'oa gari mara nyingi ni krosi, yaani viungo vinavyopinda vya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Mlio wa chwi-chwi mwendo wa polepole ni dalili ya krosi iliyokauka grisi. Propela ikiwa ya vipande viwili na gari linatetemeka likiondoka, kagua na raba ya senta beringi, ile inayoishika propela katikati.

Kabla ya kuingia chini, nisikilize vizuri. Hendibreki ya magari haya hushika magurudumu ya nyuma. Ukiyainua, huna breki. Hata P ya otomatiki haitoshi: ukiinua gurudumu moja, difu huliacha lizunguke hewani huku la pili likibingirika, na gari linaondoka. Weka kabari kwenye magurudumu ya mbele, kalisha ekseli juu ya stendi, usiamini jeki peke yake. Zima injini, weka nyutro, kisha zungusha propela kwa mkono huku na huku. Krosi isicheze hata kidogo. Mchezo mdogo ndani ya difu ni wa kawaida, lakini propela ikipanda na kushuka pale inapoingia kwenye difu, beringi ya pinieni imekwisha.

Ukitaka kumwaga oili, fungua kwanza nati ya kujazia. Ikigoma baada ya kumwaga, utabaki na difu kavu. Unga laini wa chuma usikutishe. Vipande vinavyoshikika kwa vidole vimetoka kwenye meno au beringi.

Sili mpya (raba za kuzuia oili isitoke) zikivuja tena, safisha tundu la kupumulia juu ya ekseli. Likiziba kwa tope, presha ya joto husukuma oili nje kupitia sili. Ikitokea upande wa gurudumu italowesha breki shuu, na gari hilo lisitembee hadi litengenezwe.