Mnara wa London: yanayosimuliwa na yaliyotokea

Ukiutaja Mnara wa London, wengi huwaza shoka, gogo la kukatia vichwa na vilio vya wafungwa. Hadithi za karne za baadaye zimeikoleza picha hiyo mpaka imeifunika historia yenyewe. Ngome hii, iliyoanzishwa na William wa Normandia baada ya kuiteka Uingereza mwaka 1066, ilijengwa iwe makao ya mfalme na mahali pa kuutisha mji wa London. Ufungwa ulikuwa kazi ya ziada.

Dhana: Ndani ya Mnara watu walikatwa vichwa kwa mamia.

Waliokatwa vichwa ndani ya kuta, penye uwanja mdogo uitwao Tower Green, wanatajwa kuwa saba tu, kuanzia Lord Hastings mwaka 1483 hadi Robert Devereux mwaka 1601. Watano kati yao walikuwa wanawake. Anne Boleyn, mke wa pili wa Henry VIII, aliuawa hapo tarehe 19 Mei 1536, na aliuawa kwa upanga, si kwa shoka. Umati wa waliohukumiwa ulipelekwa nje, kwenye kilima cha Tower Hill, mbele ya watu waliokuja kutazama. Kufia ndani ilikuwa stahi waliyofanyiwa wakubwa wachache.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni hili: karne ya 20 iliua watu wengi zaidi mle ndani kuliko shoka na upanga. Watu 11 waliopatikana na hatia ya kuifanyia Ujerumani ujasusi walipigwa risasi wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, na Josef Jakobs akafuata tarehe 15 Agosti 1941. Hata mateso tunayoyabandika kwenye zama za kati, visa vyake vilivyoandikwa ni vya karne ya 16 na 17 zaidi.

Dhana: Watoto wa mfalme walipelekwa Mnarani kama wafungwa.

Hapa ndipo kusahau kwamba Mnara ulikuwa ikulu kunapotupotosha zaidi. Edward V, mwenye umri wa miaka 12, aliingia humo mwaka 1483 kwa sababu wafalme walikuwa na desturi ya kukaa Mnarani wakisubiri kutawazwa. Hakuna aliyeshtuka siku hiyo. Mdogo wake Richard aliletwa baadaye, ami yao akajitwalia taji akawa Richard III, na watoto hawakuonekana tena. Mwaka 1674 mafundi walikuta mifupa ya watoto wawili chini ya ngazi, ikazikwa Westminster Abbey. Wanaosema kwamba Richard III amethibitishwa kuwa muuaji wanavuka mpaka wa ushahidi: hapakuwa na kesi, wala mifupa hiyo haijawahi kupimwa vinasaba.

Na ikulu hiyo haikuwa jiwe tupu la kijivu. Mwaka 1240 Henry III aliamuru jengo kuu lipakwe chokaa, ndiyo maana mpaka leo linaitwa Mnara Mweupe. Mfalme huyohuyo alifuga wanyama humo. Mwaka 1252 alikuwa na dubu mweupe kutoka Norway, na maofisa wa jiji waliagizwa kutoa peni nne kwa siku za kumtunza, pamoja na mnyororo na kamba imara ili ashuke mto Thames kuvua samaki. Simba nao walikuwepo. Mafuvu ya simba wa Afrika Kaskazini yamefukuliwa kwenye handaki la ngome.

Dhana: Kunguru wakiondoka, ufalme utaanguka, na agizo la kuwatunza ni la Charles II.

Charles II alitawala karne ya 17. Picha za kwanza zinazojulikana za kunguru hao ni za mwaka 1883, karibu miaka mia mbili baada yake, kwa hiyo ni vigumu kuliamini agizo hilo.

Dhana: Hakuna aliyewahi kutoroka, wala adui kuingia.

Mfungwa wa kwanza anayejulikana ndiye pia wa kwanza kutoroka. Askofu Ranulf Flambard, aliyefungwa mwaka 1100, aliletewa pipa la mvinyo lenye kamba ndani. Akawaandalia walinzi karamu, wakanywa mpaka wakalewa, naye akafunga kamba dirishani, akateremka na kukimbilia Normandia.

Mwaka 1381 wakulima walioasi kwa ajili ya kodi ya kichwa waliingia Mnarani bila kubomoa ukuta. Richard II, kijana wa miaka 14, alikuwa ametoka kwenda kuzungumza na waasi huko Mile End, na wenzao wakapita langoni bila walinzi kuwazuia. Walimkuta Askofu Mkuu Simon Sudbury pamoja na Robert Hales, mweka hazina wa mfalme, wakawaburuta hadi Tower Hill na kuwakata vichwa.