Kileleni oksijeni haipungui kwa asilimia

Kwa miaka mingi imesemwa, hata madarasani, kwamba mpanda Kilimanjaro huhema kwa sababu hewa ya kileleni ina asilimia ndogo ya oksijeni kuliko ya pwani. Sivyo. Kiwango hicho ni kilekile, takriban asilimia 21, Tanga na kilele cha Uhuru pia. Kinachopungua ni kanieneo ya hewa, au mgandamizo kama wengi tunavyouita, ambao hutokana na uzito wa hewa yote iliyo juu yetu.

Kipimo chake cha kale ni bomba la kioo lenye zebaki, lililosimamishwa kichwa chini katika bakuli la zebaki na kubuniwa na Evangelista Torricelli wa Italia katika miaka ya 1640: hewa huikandamiza zebaki ya bakulini, nayo husimama bombani kwa kimo cha milimita 760 hivi penye usawa wa bahari. Mwaka 1648 Florin Périer, shemeji yake mwanasayansi Blaise Pascal, alikipandisha kipimo hicho kwenye mlima Puy de Dôme, Ufaransa, na zebaki ikashuka. Uhuru, mita 5,895, ingefika karibu nusu tu ya kimo cha pwani, ndiyo maana pumzi ileile huingiza oksijeni karibu nusu (na pakiti ya krispi iliyofungwa Moshi huvimba njiani).