Kahawa ya usiku haitulizi kichwa

Muuza kahawa hupita Ngamiani baada ya Isha akigonganisha vikombe, na barazani hakosekani wa kumwita: "Nitilie kimoja bwana, nitulize kichwa." Sisi watu wa Tanga hilo tumelirithi, ila si kweli. Kafeni iliyomo kwenye kahawa huchochea kotisoli, homoni ya msongo, hasa kwa asiyeizoea, na baada ya saa tano hivi nusu ya kafeni hiyo ingali mwilini. Umekunywa saa tatu usiku? Saa nane unageuka kitandani, unahesabu madeni.

Kinachotuliza ni baraza lenyewe: bao, utani, mtu wa kumweleza kodi ya nyumba ilivyokukaba. Kaa mpaka watu watawanyike. Kikombe ndicho cha kuhamishia asubuhi. Kashata kula tu.

Wengine huiona kotisoli kama uchafu, na wapo wanaouza chupa za mitishamba ya "kuitoa yote". Ungeitoa yote usingenyanyuka kitandani. Tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo huitengeneza kwa ratiba: hupanda alfajiri, hufika kileleni kama nusu saa baada ya kuamka, ikikusukumia sukari na presha ya kuanzia siku, kisha hushuka taratibu hadi usiku wa manane. Mwenye ugonjwa wa Addison hana ya kutosha, na humeza dawa maisha yake yote. Ubaya ni pale inapokataa kushuka usiku.

Bia nayo? Hukulaza upesi, ikakuamsha usiku wa manane.

Halafu kuna wanaoamini bila kukimbia hadi kutapika hujafanya kitu. Mazoezi makali huipandisha kotisoli kwa muda. Mji wetu ni wa baiskeli: panda yako jioni mpaka Raskazone, uegeshe, ukae dakika 20 ukitazama bahari, simu mfukoni. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walipima mate ya watu mwaka 2019, wakaona dakika 20 hadi 30 penye miti na hewa ndizo zilizoishusha kotisoli kwa kasi zaidi. Ukiwa pale, vuta pumzi kwa hesabu ya nne, uitoe kwa sita. Moyo utapunguza mwendo.

Ila ikiwa daktari amekuandikia dawa ya prednisolone kwa wiki nyingi, usiiache ghafla eti kwa sababu ni ndugu yake kotisoli. Dawa ikizifanyia kazi, tezi zako zimelala, na haziamki kwa siku moja.