Uchunguzi wa Ajali ya Ndege si Kesi ya Rubani

Mnamo Desemba 2013, Boeing 767 iliyopaswa kutua KIA, uwanja wa ndege wa kimataifa wa Kilimanjaro, ilitua kwenye uwanja mdogo wa Arusha, na ni rahisi mno kudhani kwamba kazi ya wachunguzi katika tukio kama hilo ni kuthibitisha uzembe wa rubani. Sivyo. Kiambatisho cha 13 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa kimataifa wa usafiri wa anga, kinataja lengo moja tu, kuzuia ajali nyingine; lawama si kazi yao. Hulinganisha, sekunde kwa sekunde, kinasa data chenye kasi, mwinuko na mwelekeo wa ndege na kinasa sauti cha chumba cha marubani, kisha huuliza swali ambalo kwangu ndilo gumu zaidi: kwa nini uamuzi ule ulionekana sahihi wakati ule?