Uwezo wa malisho: ferme yako inalisha ng'ombe wangapi?

Uwezo wa malisho ni idadi ya mifugo ambayo eneo fulani linaweza kulisha mwaka mzima bila majani yake kupungua mwaka unaofuata. Hayo maneno ya mwisho ndiyo yanayosahaulika. Kilima cha Masisi, Kivu ya Kaskazini mashariki mwa Kongo, kinaweza kushibisha ng'ombe 40 mwezi wa Aprili, mwenye ferme (shamba la mifugo) akaamini kwamba hiyo ndiyo idadi yake. Aprili, wakati wa mvua, si kipimo. Kipimo ni Agosti, kiangazini.

Anayetafuta ferme akiwa Goma huanza na swali moja: hekta moja, ng'ombe wangapi? Swali hilo halijibiki kabla ya kuona majani yenyewe, maana hekta ya kwenye hati si hekta ya malisho. Toa kwanza mawe, shamba la mikaratusi, njia, kinamasi na miteremko mikali ambayo ng'ombe hawafiki. Hekta 12 zikibaki 8, usishangae.

Kisha pima. Tengeneza fremu ya mraba ya fito, sentimita 50 kwa 50. Itupe ovyo sehemu kumi hivi za malisho; usichague palipostawi, hapo ndipo wengi hujidanganya. Kata majani yote ndani ya fremu, ukiacha urefu wa vidole vitatu (sentimita 5 hivi), uyaanike juani hadi yavunjike mkononi, uyapime kwa gramu. Tafuta wastani, zidisha kwa 40: hizo ni kilo za majani makavu kwa hekta. Mvua ikikuzuia kuanika, pima mabichi ugawe kwa tano, kwa kuwa majani ya masika ni maji matupu, karibu asilimia 80.

Tuseme wastani ni gramu 50, yaani kilo 2,000 kwa hekta. Usizihesabu zote. Nusu ibaki shambani: mengine yanakanyagwa, mengine yanachafuliwa na mavi, na yanayosalia ndiyo yanayolisha mizizi ichipuke tena. Una kilo 1,000. Ng'ombe wa kilo 300 hula takriban asilimia 2.5 ya uzito wake kwa siku, majani makavu, yaani kilo 7.5, anayekamuliwa anapita hapo. Hekta hiyo basi inalisha ng'ombe mmoja siku 133, au ng'ombe 20 siku sita na kidogo. Ukiwa na mbuzi na kondoo pia, tumia UBT (Unité Bétail Tropical), kipimo cha veterineri cha kulinganisha mifugo: UBT moja ni mnyama wa kilo 250, na mbuzi kumi ni UBT moja.

Gawa hekta zako 8 ziwe vipande vinane kwa barbele (waya wa miiba) au ua wa miti hai, ng'ombe 20 wakae siku sita kila kipande. Wakirudi cha kwanza, kimepumzika siku 42. Kwa kikuyu, majani yanayotambaa vilimani kule, wakati wa mvua hizo zinatosha. Waingie yakiwa na sentimita 15 hadi 20, watoke yakibaki vidole vitatu. Kuyaacha yarefuke sana nako ni hasara: yanageuka vikonyo vigumu na ng'ombe wanayapita.

Kuanzia Juni hesabu inageuka. Fremu ileile ikitoa gramu 25, kila hekta ina kilo 500 za kuliwa, na hekta nane zote zinatoa siku 533 za ng'ombe mmoja. Ng'ombe 20 wanazimaliza kwa siku 27. Majani ya kiangazi yakihitaji siku 60 kurudi, ferme hiyo inabeba ng'ombe 8 au 9. Hao 11 waliozidi ni lazima wapate chakula kingine: matete au tripsakumu (majani marefu ya kulishia mifugo) ya kukatwa, kilo 400 na zaidi za mabichi kila siku, na lazima yawe yamepandwa miezi mingi kabla. Kama hukupanda, uza Mei wakiwa bado na mwili. Kungoja Julai ni kuuza mifupa.

Idadi ikizidi, uharibifu hauanzi kwa kishindo. Ng'ombe wanarudia machipukizi ya siku chache kwa kuwa ni laini, mizizi inafupika, udongo unaonekana kati ya mashina. Ukisimama wima ukaona ardhi nyekundu au nyeusi chini ya miguu, umeshachelewa kidogo. Baadaye njia za ng'ombe zinageuka mifereji, mvua ya Septemba inashuka na udongo, na fujeri (fougère, magugu ya jamii ya feni) inaingia palipoachwa wazi. Ng'ombe wakiila kwa muda mrefu wanaweza kukojoa damu. Kuikata mara moja hakuiui, ina mizizi ya chini inayochipua tena.

Vita navyo vinavuruga hesabu. Jirani akikimbiza ng'ombe wake kwako, huwezi kumfukuza, lakini waandike ndani ya hesabu tangu siku ya kwanza na upunguze siku za kila kipande. Wageni wasioandikwa ndio wanaomaliza kiangazi mwezi mmoja kabla ya wakati.

Kabare na Walungu, upande wa Bukavu, wengi hawana hekta za kugawa. Wana ng'ombe mmoja kwenye kamba au zizini. Hesabu ni ileile, ila inageuka mzigo wa kichwani: kilo 37 hivi za majani mabichi kila siku kwa ng'ombe wa kilo 300. Kabla ya kununua wa pili, pima kwa mizani majani yanayoletwa nyumbani kwa wiki moja ya Julai. Yasipofika kilo 260, hata huyo wa kwanza hashibi.