Je, wajua kwa nini gugu la ufukweni lilizaa wimbo wa mapenzi unaopendwa Japani?

Mchana, mmea huu hauna la kukusimamisha. Ni mashina membamba kwenye mchanga wa pwani au kingo za mto, yamebeba maua yaliyosinyaa, rangi ya machungwa iliyofifia. Ngoja jua lizame. Vitumba vinaanza kutikisika, ganda la kijani linapasuka, na petali nne za njano zinajikunjua mbele ya macho yako, ndani ya dakika chache tu. Harufu yake huwaita nondo wa usiku. Asubuhi jua likipanda, ua limekwisha kazi yake.

Wajapani huuita matsuyoigusa, na katika wimbo huo yoimachigusa; yote mawili maana yake ni mmea unaoingoja jioni. Si wa kwao kwa asili. Ulitoka Amerika Kusini na kufika Japani katikati ya karne ya 19, ukapandwa bustanini kama pambo, kisha mbegu zake zikaruka uzio na kujiotea popote penye mchanga na jua. Ndugu zake wengine wa Amerika wakafuata baadaye.

Basi gugu geni kama hili liliingiaje kwenye nyimbo?

Jibu linaanza na mchoraji Takehisa Yumeji (1884–1934), mashuhuri kwa picha za wanawake wenye macho makubwa ya huzuni. Kiangazi cha mwaka 1910 alikuwa Chōshi, mji wa pwani mashariki mwa Tokyo, akakutana na binti aitwaye Hasegawa Kata. Walipendana, lakini kiangazi kikaisha kila mtu akashika njia yake. Mwaka uliofuata Yumeji alirudi palepale, akakuta binti ameshaolewa.

Mwaka 1912 akachapisha shairi, na mwaka 1913 akalipunguza hadi mistari mitatu katika kitabu chake *Dontaku*. Maana yake kwa ufupi: namngoja na kumngoja asiyekuja, uchungu wa yoimachigusa ulioje, na usiku huu hata mwezi yaelekea hautatoka. Basi. Hamtaji mtu wala bahari wala Chōshi. Mpiga fidla Ōno Tadasuke akalitilia muziki, na karatasi za noti zilipochapishwa mwaka 1918 wimbo huo, *Yoimachigusa*, ukaenea nchi nzima.

Kwangu mimi, siri haiko kwenye kisa cha Yumeji peke yake, maana waliokosa wapenzi ni wengi. Siri ni kwamba ua hili lilikuta nafasi yake imeshaandaliwa. Karne nyingi kabla, enzi ya Heian, katika tabaka la juu mume aliweza kuishi mbali na mke, akamtembelea usiku na kuondoka alfajiri. Mashairi ya zama hizo yamejaa mwanamke anayesikiliza hatua za mtu jua likizama: atakuja leo, au hatakuja? Jioni ikawa saa ya kungoja katika ushairi wa Kijapani, na hata desturi ile ilipokufa, saa ile ilibaki. Sasa unaletewa ua ambalo kweli hufunguka jioni, linakesha peke yake gizani, na asubuhi limenyauka bila mgeni. Halikuhitaji mshairi alibebeshe maana. Na kwa kuwa liliota kila mahali, hata mtu asiyewahi kusoma shairi la kale alilifahamu kwa kuliona tu.

Ukweli huo wa ua ndio uliomsumbua mshairi mwingine. Mwaka 1938 ilitengenezwa filamu yenye jina la wimbo huu, na Saijō Yaso, mtunzi hodari wa nyimbo za wakati huo, akaongeza ubeti wa pili: nyota moja juu ya mto, na petali za yoimachigusa zikipukutika. Lilikuwa kosa rahisi kufanya katika nchi iliyozoea kuimba petali za cheri zinavyopeperuka moja moja. Lakini yoimachigusa halipukutiki hivyo. Hunyauka likiwa zima, kisha huanguka lote kwa pamoja. Saijō alipoelezwa, aliifuta ile picha ya petali na kuweka umande wa ua badala yake. Hata hivyo, waimbaji wengi huishia kwenye mistari mitatu ya Yumeji, na huirudia.