Mithra Hakuzaliwa na Bikira Tarehe 25 Desemba

Kila Desemba inapokaribia, ujumbe uleule huzunguka katika makundi ya WhatsApp: kwamba Krismasi ni sikukuu ya kipagani ya Roma, Saturnalia, iliyobadilishwa jina, na kwamba Mithra, mungu aliyeabudiwa katika Dola la Roma, alizaliwa na bikira tarehe 25 Desemba, akawa na wanafunzi 12.

Saturnalia ilikuwepo kweli, ikiwa na karamu, zawadi na mabwana kula pamoja na watumwa wao, lakini ilianza tarehe 17 Desemba na hata iliporefushwa ilikoma tarehe 23. Kuhusu Mithra, anayetaka kuhakiki atazame michongo ya waabudu wake wenyewe, iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Ulaya na ambayo picha zake zinapatikana mtandaoni: humwonyesha akichomoza kutoka kwenye mwamba, wala hakuna mama.

Mkanganyiko huu una chanzo kinachoeleweka. Kalenda ya Roma ya mwaka 354 inaitaja tarehe 25 Desemba kuwa siku ya "Asiyeshindwa", ambaye kwa kawaida huchukuliwa kuwa mungu Jua, na mkusanyo huohuo wa nyaraka unaitaja kuwa siku aliyozaliwa Kristo huko Bethlehemu. Ipi ilitangulia, wanahistoria wanajadiliana hadi leo, na baadhi yao wanaona kwamba Wakristo waliipata tarehe hiyo kwa kuhesabu miezi 9 kuanzia 25 Machi, siku waliyoamini kuwa mimba ya Yesu ilitungwa. Ujumbe unaoumaliza mjadala huo kwa sentensi mbili unapotosha, na tunawasihi wasomaji wasiusambaze, hata ukitoka kwa mtu wanayemheshimu.